Kitabu Kinacholia cha Kijapani: Elfu Saba, na Kitufe cha Tatu

Nianze na bei ya kitabu hiki cha nyimbo za watoto, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Mwenye meza alianzia elfu kumi na mbili. Nikamwambia, mdogo wangu, kitu chenyewe hakilii, unaniuzia maboksi? Akajibu kwamba msimu wa korosho umefunguliwa, kila kitu kimepanda. Nikamkumbusha kuwa mimi ni fundi redio, sina hata mche mmoja wa mkorosho. Tukacheka, tukamalizana kwa elfu saba.

Meza yenyewe iko jirani na Soko Kuu la hapa Mtwara, upande wa vikorokoro vya mitumba. Mwenyewe anasema mzigo wake hutoka Dar es Salaam, unaletwa na lori baada ya kontena kufunguliwa, na vitu vya Kijapani huja vikiwa vimechanganyika na midoli, mikoba ya shule na vikombe visivyo na wenzake. Vitabu hivi vinavyolia alikuwa navyo vitatu. Viwili vilikuwa na maji ndani. Ukienda kununua, kitikise karibu na sikio kabla hujasema bei. Kikicheza maji au kikinuka ukungu, kirudishe mezani, hata kama ni bure.

Nilichochukua kina kurasa za kadibodi nene, na upande wa kulia kuna ubao wa plastiki wenye vitufe 12. Kila kitufe kina picha ndogo inayofanana na ya ukurasa wake: kerengende, kunguru, maua ya pinki, mwezi na sungura. Ukibonyeza, anaimba mwanamke kwa sauti ya upole huku kinanda kikimfuata. Maandishi yote ni ya Kijapani. Hakuna hata neno moja la kumsaidia mtu wa Chikongola.

Nyumbani nikakifungua. Nyuma kuna kifuniko cha betri chenye skrubu moja ya nyota, na skrubu yenyewe ilikuwepo, jambo la nadra kwa mtumba. Ndani nikakuta betri tatu za kidonge, zile za saa, zimevuja mpaka vibati vimeota unga wa kijani. Ugonjwa wote ulikuwa huo. Nilisugua kwa mswaki mkuukuu na matone ya spiriti, nikapima kwa mita, njia zote zikaitika isipokuwa ya kitufe cha 11. Nyimbo zenyewe zimo ndani ya tone jeusi gumu lililomwagwa juu ya sakiti. Tone hilo likifa, kitabu kimekufa, hakuna fundi wa Mtwara wala wa Tokyo atakayelifufua. Langu lilikuwa zima.

Betri za kidonge sikuzirudisha, na hapa naomba wazazi wanisikilize. Kidonge kile mtoto akikimeza kikakwama kooni, huanza kuunguza nyama, na ndani ya saa mbili tu madhara yanaweza kuwa makubwa. Ukihisi tu kwamba amemeza, mkimbize hospitali, usikae kumsikilizia kama atakohoa. Mimi nilichukua ganda la betri la tochi ya Kichina iliyokufa, lile la duara linalobeba betri tatu ndogo za rimoti, nikashikiza nyaya mbili kwa risasi, nikalifungia kwa skrubu ndani ya kikopo cha plastiki mgongoni mwa kitabu. Volti ni zile zile 4.5. Sasa kitabu kina kibiongo, lakini betri zake zinapatikana kila duka, na hazimezeki kirahisi.

Spika ni ndogo, upana wake kama kizibo cha chupa ya maji. Besi usitegemee. Kuna swichi ya sauti yenye hatua mbili, ndogo na kubwa. Ndogo inatosha chumbani. Kubwa inavuka barabara, na ndiyo iliyoniletea Baharia.

Baharia ni mzee wa mtaani kwetu aliyekuwa kwenye meli miaka ya 1980. Jina lake la kweli tumelisahau wote, labda hata yeye. Jioni ile alikuwa anarudi na samaki wake kwenye mfuko, yuko upande wa pili. Kitindamimba wangu, ambaye atatimiza miaka saba mwakani, akabonyeza kitufe cha tatu. Mzee akasogea mpaka ukingo wa lami, akatazama kulia, akatazama kushoto, akavuka mbio mbio kama kijana, na barabara yenyewe ilikuwa tupu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiyo taa umeitoa wapi?"

"Taa gani tena mzee wangu?"

"Taa ya kuvukia. Yokohama. Ikiimba hivyo unavuka, ikinyamaza unasimama."

Nikadhani jua limempiga. Kumbe mzee alikuwa sahihi kuliko mimi mwenye kitabu mkononi. Wajapani waliziwekea taa zao za waenda kwa miguu muziki ili mtu asiyeona ajue kwamba sasa ni zamu yake kuvuka. Nyimbo mbili ndizo zilizotumika sana. Mmoja asili yake ni muziki wa Uskoti, na wa pili ni huu wa kitufe cha tatu, unaitwa Toryanse. Siku hizi taa nyingi zimebadilishwa, zinalia kama ndege. Baharia aliushika wimbo bandarini, akaurudisha Mtwara kichwani, na kwa miaka arobaini aliamini ulitungwa kwa ajili ya magari.

Nikaelekeza kamera ya simu kwenye ukurasa, ile programu ya kutafsiri ikahangaika na herufi, ikanipa maneno nusu nusu. Nikakaa siku tatu nikiyafukua. Ukiyapanga kwa Kiswahili yanakuwa hivi. Mmoja anasema: pita, pita. Mwingine anauliza: njia hii nyembamba ni ya wapi? Anajibiwa: ni njia ya Tenjin (huyu ni mungu wao, nitamfikia). Anaomba: nipitishe kidogo tafadhali. Anaambiwa: asiye na shughuli hapiti hapa. Anajieleza: mtoto huyu anatimiza miaka saba, tunakwenda kutoa hirizi yake. Halafu unakuja mstari ambao ulinifanya nizime redio ya mteja niliyokuwa naitengeneza: kwenda ni kwema, kurudi kunatisha. Na ingawa kunatisha, pita, pita.

Wimbo wa watoto huo! Nyumba hii ina mtoto wa miaka sita anayeuimba kwa matamshi ya kubuni akiwa anaosha vyombo.

Wenyewe huita nyimbo za namna hii warabe uta, yaani nyimbo za watoto, zile zilizozaliwa uani na kwenye michezo, zisizo na mtunzi anayejulikana. Wanazitenganisha na nyimbo zilizotungwa na washairi na wanamuziki wa karne ya 20, hasa baada ya 1918 lilipoanza jarida la watoto lililoitwa Ndege Mwekundu. Kitabu changu kimezichanganya zote bila kusema ipi ni ipi. Hilo ni kosa la mchapishaji, na nalihesabu. Wimbo wa kerengende ni mtamu lakini una wenyewe. Huu wa njia nyembamba hauna mwenyewe, na ndiyo maana kila mtu anaugombania.

Kwenye ufundi redio, chombo kikikataa tunafuata waya kuanzia betri. Nami nikafuata waya wa wimbo huu, ukanigawanyikia mikononi.

Ncha moja inakwenda Kawagoe, mji ulio kaskazini magharibi ya Tokyo. Pale kuna ngome iliyojengwa 1457, na ndani ya eneo la ngome kulikuwa na hekalu la Miyoshino, ambamo huyo Tenjin alikuwa anaombwa. Sasa fikirini hekalu la watu wote liko ndani ya kambi ya bwana mkubwa. Raia waliruhusiwa kuingia kuomba kwa nyakati maalumu, wakipita kwenye kinjia chembamba kati ya walinzi. Kuingia si tabu, unasema nampeleka mtoto. Kutoka ndiko kwenye kazi, maana mlinzi anataka kujua macho yako yameona nini mle ndani na mikono yako imebeba nini. Jasusi naye anaweza kubeba mtoto mgongoni. Hapo pana jiwe linalotangaza kwamba wimbo ulianzia hapo.

Ncha ya pili inakwenda pwani, Kozu, katika mji wa Odawara, kwenye hekalu jingine la Tenjin huyo huyo. Nao wanadai wimbo ni wao. Hapo si mbali na Hakone, penye kituo maarufu cha ukaguzi cha enzi za Edo, zile za kati ya 1603 na 1868. Serikali ya wakati ule iliwaweka wake na warithi wa mabwana wa majimbo mjini Edo, ambao ndio Tokyo ya leo, kama rehani ili waume zao wasiasi. Kwa hiyo Hakone walikagua kwa ukali hasa wanawake wanaotoka Edo. Palikuwa na wanawake maalumu wa kuwakagua wanawake wenzao, mpaka kwenye nywele. Ukifika pale bila hati ya kusafiria, unaanza kueleza: mtoto wangu, hekaluni, nipitishe kidogo tafadhali. Mlinzi mwenye huruma anakupitisha. Wakati wa kurudi amekaa mlinzi mwingine.

Mtu wa Mtwara hahitaji kufafanuliwa zaidi. Aliyewahi kuvuka Ruvuma kwa kivuko cha Kilambo kwenda kuwaona ndugu Msumbiji anajua kwamba kwenda na kurudi si safari moja. Unakwenda na salamu, unarudi na mzigo, na mzigo ndio unaofunguliwa.

Huyo Tenjin naye alinichukua usiku mzima. Alikuwa mtu wa kweli, Sugawara no Michizane, aliyezaliwa 845, msomi na mshairi aliyepanda cheo mpaka akawa waziri wa ikulu. Wenye wivu wakamchongea kwa mfalme, akahamishiwa Dazaifu, mbali kabisa kusini magharibi, mwaka 901. Akafia huko 903. Baada ya hapo mji mkuu ukaandamwa na maradhi na vifo, na mwaka 930 radi ikapiga ikulu na kuua maofisa. Watu wakasema ni yeye, amekuja kudai. Wakamjengea hekalu Kyoto, wakampa heshima ya uungu, hasira ikatulia. Leo ndiye anayeombwa na wanafunzi kabla ya mitihani. Yaani fitina ya ofisini ilimpeleka mtu kaburini, na kaburi likamrudisha kuwa msimamizi wa kufaulu. Nilipomsimulia mke wangu, ambaye anafundisha darasa la saba, aliguna tu akaendelea kusahihisha madaftari.

Na miaka saba? Zamani kule, kama huku kwetu, watoto wengi hawakufika. Wana msemo kwamba mtoto kabla ya saba bado ni wa miungu, yaani hajawa wetu, anaweza kuitwa wakati wowote. Akifika saba, wazazi wanakwenda kushukuru na kuitoa ile hirizi iliyomlinda. Mpaka leo wana sikukuu yake, tarehe 15 Novemba, ya watoto wa miaka mitatu, mitano na saba, wanavalishwa nguo za sherehe wanapelekwa hekaluni. Wapo wanaosema hofu ya kurudi ni hii: mtoto amekwenda akiwa na ulinzi, amerudi hana, sasa ni mtu kama watu.

Maelezo haya nayaelewa kwa njia ambayo labda mtu wa mbali hataielewa. Mimi ni Mmakonde. Najua mtoto anavyotoka nyumbani akiwa mmoja na kurudi akiwa mwingine, na najua kuna nyimbo za jandoni ambazo nilizishika kwa moyo nikiwa mdogo, maana yake ikanifikia nikiwa na mke. Mama zetu wana za kwao za unyago, na hizo siziulizi. Kwa hiyo sikushangaa kwamba watoto wa Kijapani wameimba habari ya mlinzi na hofu karne nzima wakicheza. Mtoto hubeba wimbo kama anavyobeba ndoo, hakuulizi maji ni ya nini.

Lakini kuna watu mitandaoni wameuharibu. Wanasimulia kwamba ni wimbo wa kafara, kwamba mtoto anapelekwa kuuawa ndiyo maana kurudi kunatisha. Wanaweka na picha za giza. Mimi nimeyapanga maneno yote mezani kama skrubu na sikuona damu. Nimeona mtu anayeuliza, mtu anayejieleza, na geti. Kama ni kukadiria, nakaa upande wa Kawagoe, kwa sababu ya hicho kinjia chembamba na kwa sababu mlinzi wa wimbo anauliza shughuli, haulizi hati. Watu wa Kozu wakinikasirikia wana haki.

Mchezo wake ni huu: watoto wawili wanasimama wameshikana mikono juu kama mlango, wengine wanapita chini kwa mstari. Wimbo ukiisha mikono inashuka, aliyekutwa chini amekamatwa. Ukurasa wa tatu umeuchora vizuri, mpaka vumbi la miguuni. Kitufe cha nane nacho ni cha mchezo, mtoto mmoja anachuchumaa katikati amefumba macho, wenzake wanamzunguka, wakisimama anabashiri nani yuko nyuma yake. Watoto wangu walipouona wakasema ni Ukuti umekosewa. Huo wa nane sikuufuatilia, siku zenyewe zilikuwa za kazi.

Wa tatu waliuchukua wakaufanya wa kwao ndani ya wiki moja. Geti wameliweka kati ya ngazi ya karakana yangu na mti wa mwembe. Anayepita anaulizwa ana shughuli gani. Majibu niliyoyasikia: napeleka chakula kwa bibi, nakwenda mnadani, nafuata chenji. Kwenda wanapita wote. Kurudi wanapekuliwa mifuko, na mwenye korosho anaacha moja. Kitindamimba ndiye mkuu wa geti na amenenepa. Maneno ya Kijapani wamebakiza moja tu, lile la kupita, nalo wanalitamka "toli ya nsee".

Turudi kwenye bidhaa. Nimekaa nacho miezi minne. Kurasa hazijachanika ingawa zimelambwa, zimekaliwa na zimetumika kupepea jiko la mkaa. Rangi imefifia kidogo pembeni. Kitufe cha tatu kimeanza kulegea, nimekiongezea kipande cha karatasi ya sigara chini, kinashika. Kinajizima chenyewe wimbo ukiisha, kwa hiyo hakinyonyi betri usiku. Hewa yetu ya chumvi ndiyo adui. Kila mwezi nafungua napangusa vibati, vinginevyo kutu itarudi, hasa kwa anayeishi Shangani karibu na maji. Kama huna mita na huna fundi wa kumwamini, usitoe zaidi ya elfu tano kwa kitabu kisicholia. Kinacholia, elfu kumi ni halali.

Kinachonikera ni kile nilichokisema, kwamba kitabu hakielezi. Hata kwa Kijapani chenyewe, kwa jinsi nilivyopitisha kamera kila ukurasa, hakuna mstari hata mmoja kuhusu Kawagoe, Kozu wala huyo waziri aliyechongewa. Ni maneno ya wimbo na picha. Mtoto wa kule ana bibi wa kumweleza. Wa huku alibakiwa na Baharia, na Baharia alikuwa anajua taa tu.

Nilimweleza yote, nimekaa naye kibarazani. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: kwa nini mtu aweke wimbo wa "kurudi kunatisha" mahali pa kuvukia watu? Sikuwa na jibu. Akasema wao walipokuwa wanarudi melini usiku, ule muziki uliwafuata mpaka getini mwa bandari, na getini walikuwa wanapekuliwa.

Sasa anakuja karibu kila jioni. Anasimama upande wa pili wa barabara, anampungia mkono kitindamimba, wimbo ukianza anavuka. Betri za mwezi huu kanunua yeye.